Cherehani ya Florentine

Thierry alikuwa amekwisha kuizika ile pikapu kabla sijafungua boneti.

“Segma zimeisha,” alisema, akipiga teke gurudumu. “Kompresyo hakuna. Shemeji, acha tuuze vyuma.”

Florentine, mjane wa kaka yake, alikuwa ameshika ufunguo wa gari. Aliniangalia mimi. Pikapu hiyo ndiyo iliyomlisha: alipanda nayo Mulenge, akashuka na viazi na maziwa hadi sokoni Uvira. Sasa ilikuwa inakata pumzi katikati ya mlima, na ukoo ulikuwa umemruhusu fundi mmoja wa mwisho. Nikisema injini imekufa, Thierry anaivuta kwenda kuikatakata.

Mimi si mtu wa kutajiwa ugonjwa na asiyewahi kushika spana. “Kaka, keti kwanza,” nikamwambia. “Hata maiti hupimwa.”

Nikamuuliza Florentine gari linachoka wakati gani.

“Asubuhi iko muzuri, fundi. Minye nikitoka hapa Kilibula, inaruka kama mbuzi. Ikisha kupata moto, ndiyo inaanza kulia.”

Maneno hayo niliyaweka pembeni, kama boliti usiyojua imetoka wapi.

Niliiacha injini ingurume hadi ipate joto. Nikatoa buji zote, zile plagi za cheche, nikakata umeme wake, nikafunga kipimo cha mgandamizo wa hewa kwenye tundu la kwanza. Florentine akakanyaga mafuta hadi chini na kuzungusha ufunguo. Sindano ikapanda kivivu, ikasimama kwenye kilo saba. Injini ya aina ile ikiwa na afya hufika kumi na mbili. Tundu la pili, saba. La tatu na la nne, yale yale.

“Si nilisema?” Thierry akacheka.

“Ulisema segma. Segma hazizeeki kama mapacha, zote siku moja.”

Nikamimina kijiko cha mafuta mazito katika kila tundu. Segma, zile pete zinazozunguka pistoni, zikiwa zimelika, mafuta huziba pengo kwa muda na sindano hupanda. Nikapima tena. Sindano haikutikisika. Kumbe pumzi ilikuwa inatokea juu, kwenye supapu, vile vizibo vinavyoingiza hewa na kutoa moshi.

Hapo boliti yangu ikapata tundu lake. Chuma kikipata moto hurefuka. Supapu iliyobanwa mno hufunga vizuri asubuhi. Joto likija, hubaki wazi kidogo, na nguvu inavuja.

Nikafungua kifuniko cha juu. Kibati changu cha kupimia pengo la supapu, kile chembamba kuliko vyote, kilikataa kupita.

“Mama, nani alizikaza hivi?”

Florentine akageuza uso kuelekea ziwani. “Minye ndiye niliomba. Ilikuwa inapiga tiki-tiki-tiki. Bamama ba korali ya kanisa wakaiita cherehani. Nikasikia haya. Fundi moja akaikaza mpaka ikanyamaza.”

“Na ukafurahi.”

“Sana! Lakini Ndahiro, ule mwenye kuniuzia viazi kule Mulenge, alizoea kusikia cherehani toka mbali, anateremusha magunia barabarani. Tangu inyamaze, ninamukuta angali shambani.”

Sikucheka. Supapu ikikaa wazi muda mrefu huungua kingo, na iliyoungua haiponi kwa kulegezwa. Florentine alisoma uso wangu, akashika mlango wa gari kama anayeshika mkono wa mgonjwa. Thierry naye akasimama.

Nililegeza supapu moja baada ya nyingine, hadi kibati kinachotakiwa kikapita kwa kukwaruza kidogo. Nikafunga kipimo tena. Kumi na moja. Kumi na moja na nusu. Kumi na moja. Kwenye tundu la mwisho sindano ikasita penye nane, ikasukumwa tena na tena, ikafika kumi.

“Hiyo ya mwisho imeungua kidogo,” nikasema. “Lakini mlima itapanda.”

Nikarudisha buji na kifuniko. Injini ikawaka mara moja: tiki-tiki-tiki, hadi jirani akachungulia.

“Lakini inapiga kelele, shemeji,” Thierry akasema.

“Ishone,” Florentine akajibu, akiketi penye usukani. “Weye panda nyuma. Ndahiro atasikia, na leo magunia utabeba weye.”

Thierry akanitazama kana kwamba ningemtetea. Nikampa kitambaa afute mikono, ingawa haikuwa na hata tone la mafuta.