Suruali ya Kliniki

Fundi aliamka tumbo limejaa maji, akaamua yabaki humo humo. Tangu figo zake zigome, kila asubuhi huyamwaga kupitia mrija uliowekwa tumboni, kisha hutundika mfuko mwingine wa maji ya dawa kwenye msumari wa tepu zake za kupimia na kuacha maji mapya yaingie yafyonze uchafu wa damu. Leo hapana. Leo ni siku ya mizani, na maji yale ni kilo mbili nzima.

Akavaa suruali ya kliniki. Akakaa, akasimama, akachungulia dirishani, akakaa tena. Suruali zake zote alizipunguza mwenyewe kwenye cherehani kila alipokonda, ili mkewe asione zinampwaya. Na kweli hakuona. Uso umevimba kidogo, nguo imekaa sawasawa, basi mama wa watu akawa anawatambia majirani kwamba mumewe amenawiri. Amenawiri wapi! Maji matupu. Daktari alimwambia ale mayai, nyama na samaki, maana maji yale yakitoka huondoka na lishe ya mwili. Bei ya vitu hivyo daktari hakuitaja. Yai likiingia nyumbani, Fundi hulisukumia kwenye sahani za watoto na kudai ameshashiba.

Kliniki, nesi alimwambia kwa sauti ya chini kwamba utaratibu umebadilika: kila mgonjwa amwage kwanza, ndipo apande mizani. Fundi akajibu kuwa ameshamwaga nyumbani. Nesi akalitazama tumbo lake, akamwonyesha kiti.

Yakatoka yote. Alipoinuka, suruali ikateremka. Aliishona kwa kipimo cha tumbo lililojaa, na hilo hakulifikiria, fundi mzima. Akapanda mizani ameishikilia kwa mkono mmoja, na wenzake kwenye foleni wakaangalia pembeni. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka.

Afisa wa mpango wa matibabu ya nyumbani akasoma namba, akaguna. Akaeleza kwamba aliyeshuka chini ya kiwango hapewi tena mifuko. Arudi hospitali kuu kusubiri zamu ya mashine ya kusafisha damu. Fundi aliijua zamu hiyo. Kinyozi, jirani yake, alikufa akiisubiri.

"Kwa hiyo anayekonda ndiye mnayemnyang'anya maji?"

"Mifuko ni michache, mzee wangu. Tunawapa wenye dalili ya kuendelea kuishi."

Alilisema kwa upole, na upole ule ndio uliomchoma Fundi. Afisa akaongeza kuwa malalamiko hupokelewa kesho, ila asijipe matumaini.

Mkewe aliporudi kutoka kazini alimkuta katikati ya lundo la suruali, anafumua mishono kwa wembe. Akamuuliza kulikoni. Fundi akavaa moja iliyofumuliwa, akaiachia. Ikanasa kwenye mifupa ya nyonga. Mkewe akapitisha mkono kiunoni, kati ya nguo na ngozi. Ukaingia wote. Akapitisha na wa pili, na nafasi bado ikabaki.

"Tangu lini, baba?"

"Tangu ulipoanza kunisifia."

Akamsimulia yote, mizani na afisa na yale maneno yake. Mkewe akamfokea, akamwita mwongo, akalia, akarudi kumfokea kwa ajili ya yale mayai. Kisha mkewe akauchukua wembe, akaketi sakafuni, akaanza kuifumua ile ya kliniki.

"Kesho unavaa hii," akasema. "Bila mkanda. Nami nitakuwa pembeni yako. Huyo afisa aniambie mimi, usoni, kwamba wewe si wa kuishi."

Fundi akanawa mikono, akatundika mfuko msumarini. Ndani ya boksi la mifuko ukabaki mmoja.