Wimbo wa Nyumba ya Wageni

Tok. Tok-tok. Tok.

Kabla hakujapambazuka huko mjini Nobeoka, hiyo ndiyo sauti pekee iliyosikika nyumbani kwa Mitsue: vidole vikigonga piano ya umeme, na muziki wenyewe ukiishia masikioni mwake, ndani ya hedifoni. Mumewe, Teruo, alikuwa amekunja blanketi kuukuu akalitandika chini ya miguu ya piano, ili jirani wa ghorofa ya chini asisumbuke. Hakuombwa. Aliamka tu asubuhi moja, akalitandika, akarudi kulala.

Mitsue alikuwa na miaka sabini na mmoja, na siku hiyo ilikuwa ya onyesho la wanafunzi wa Mwalimu Kuramochi. Wenzake wangepiga nyimbo za watunzi wakubwa wa zamani. Yeye angepiga wimbo wa gemu ya video.

Si gemu ya juzi. Ni ile ya zamani ya shujaa mwenye upanga mfupi, ambayo mwanawe Naoki aliiacha sebuleni alipokwenda shule. Mitsue akirudi kutoka zamu ya kiwanda cha soksi, aliiwasha, akamwingiza shujaa katika nyumba ya wageni na kumwacha amesimama pale. Kisha akakaa kukunja nguo. Muziki wa nyumba ile ulizunguka na kuzunguka hadi nguo zikaisha. Shujaa akitoka mlangoni, muziki ulikatika papo hapo. Kuusikia ukiisha wenyewe, hakuwahi, kwa kuwa hauishi.

Kuuhamishia kwenye piano kulimchukua majira yote ya baridi. Mashine ile ya gemu ilikuwa na sauti tatu tu, na ya nne iliyovuma kama mchanga unaopepetwa, ndiyo ngoma yake. Mitsue alisikiliza sauti moja moja, akaandika, akafuta, akaandika tena. Mahali mashine iliposhindwa kupiga noti tatu kwa pamoja, ilizikimbiza moja baada ya nyingine kama vifaranga. Naye akaziacha zikimbie. Mchanga aliupa mkono wa kushoto, noti mbili za chini kabisa, zikiguswa kidogo tu.

Mwalimu Kuramochi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa rika la Naoki, na ndiye pekee mjini aliyekubali kumfundisha mwanamke aliyeanza piano uzeeni. Karatasi za Mitsue alizitoa nakala za maandishi makubwa, bila kutaja habari za macho. Lakini wiki iliyotangulia walikuwa wamevutana.

"Bi Mitsue, una vidole kumi. Mbona vingine vimekaa tu kama wageni wa harusi?"

"Mashine ilikuwa na sauti tatu, Mwalimu, na zilitutosha."

"Haya, hilo nakuachia. Lakini mwisho? Wimbo lazima uishe! Nimekuandikia hapa, mistari miwili tu. Unapanda, unapanda, halafu bam!"

"Huo mwisho ni mzuri. Ila si wa wimbo huu."

"Sasa utapiga mpaka lini? Mpaka tuote mvi?"

"Mimi zangu tayari."

Mwalimu hakucheka. "Sikiliza. Ukipanda jukwaani ukaniletea ubishi wako, utafute mwalimu mwingine."

Asubuhi hiyo, Teruo alimmiminia mkewe supu, akampa bakuli lenye vipande vingi vya tofu.

"Piga tu huo mwisho wake, Mama Naoki. Mistari miwili. Meza kama dawa."

"Nimemeza mengi, Baba Naoki. Kiwandani nilimeza. Kwa mama yako nilimeza."

"Mama yangu ameingiaje hapa?"

"Ameingia bila kubisha hodi, kama kawaida yake."

Teruo akacheka mpaka supu ikampalia.

Ukumbini, zamu yake ilipofika, Mitsue alipanda, akainama, akasema: "Wimbo huu hukatika mtu anapotoka mlangoni. Nitapiga mpaka mmoja wenu atoke. Asanteni."

Akaketi, akaanza.

Mzunguko wa kwanza, watu walitabasamu. Wa pili, mabega yao yalilegea. Wa tatu, wakaanza kutazamana kwa pembe za macho. Hapo Mitsue akagundua kosa lake. Alidhani hatakosekana mmoja wa kwenda msalani. Kumbe alikuwa amesahau watu wake: nani huku angesimama na kutoka wakati mwenzake anapiga? Heri ubane kikohozi mpaka macho yakutoke. Mzee mmoja aliinuka nusu, mkewe akamvuta koti, akaketi. Teruo alikuwa amekaa wima, mikono magotini. Hata yeye! Angetokaje mkewe akiwa jukwaani?

Mzunguko wa nne. Kifundo cha mkono wa kushoto kikaanza kuuma. Ule mwisho wa Mwalimu aliujua kwa moyo. Mistari miwili tu, na yote yangekwisha. Mwalimu mwenyewe alikuwa safu ya mbele, mikono kifuani, akimtazama. Akingoja.

Mitsue naye akamtazama. Kisha akaurudia wimbo tangu mwanzo, polepole zaidi, kama mtu aliyebakiwa na shuka za kukunja.

Mwalimu Kuramochi akasimama. Viatu vyake vikagonga sakafu, vikasikika ukumbi mzima. Akausukuma mlango, akatoka.

Mitsue akainua mikono. Wimbo ukakatika katikati.

Kisha makofi, na ya Teruo yakisikika kuliko ya wote.

Mitsue alimkuta Mwalimu kwenye korido, ameshika shada la maua.

"Nimetoka kwa sababu mkono wako wa kushoto ulikuwa umechoka," Mwalimu alisema. "Usidhani umenishinda."

"Sidhani. Asante kwa kuuona."

"Na mwisho wangu bado ni mzuri."

"Mzuri mno. Utafutie wimbo wake."

Midomo ya Mwalimu ilicheza, akaibana. "Nilikwambia utafute mwalimu mwingine."

"Uliniambia."

"Umemtafuta?"

"Sijamtafuta, na sitamtafuta. Ukinifukuza, nitakaa hapo nje ya mlango wako nisikilize wenzangu."

Mwalimu alimtia maua mikononi, akauchukua mkono ule wa kushoto, akaanza kuukanda taratibu kwa kidole gumba.

"Hapo nje pana baridi," alisema. "Alhamisi, Bi Mitsue, saa ile ile. Uje tena, tafadhali."