Nguruwe wa Kupoza Tumbo

Dama Siune hakuwa na hati ya kiwanja, hakuwa na bomba la maji, hakuwa na mke tangu mwaka ule wa ukame, hakuwa na mtoto wa kiume, na hakuwa na meno mawili ya mbele. Hakuwa na subira na uchafu pia, na hilo ndilo lililomtesa kuliko yote. Alichokuwa nacho ni neno lake. Sisi watu wa Machimbo, kaya themanini na kitu tulioshuka jijini Mosbi kutoka milima ya Simbu, tulimchagua mkuu wa kamati, na akisema kesi imekwisha, imekwisha.

Chini yetu kampuni moja ilijenga nyumba za kupangisha, ikazizungushia ukuta wa mita tatu wenye nyaya za wembe. Zamani pale palikuwa na njia pana, na kina mama waliketi kandokando wakiuza karanga na popoo tangu alfajiri. Mwizi hawezi kufanya kazi mbele ya macho ya wanawake ishirini. Kampuni ikawafukuza kwa ajili ya usafi. Kikabaki kichochoro, huku ukuta, huku mtaro, hatua mia mbili bila dirisha hata moja. Usafi wenyewe ndio huu: mate mekundu ya watafuna popoo yaliyokauka ukutani tabaka juu ya tabaka, mikojo, nepi zilizorushwa na wapangaji kupitia juu ya ukuta, na mzoga wa mbwa ambao hakuna aliyekubali kuuondoa. Anayekwenda zahanati au kituo cha basi lazima apite humo huku ameziba pua.

Kwanza waliporwa humo wanawake wetu wawili. Kampuni haikusema neno. Kisha, saa nne asubuhi, mlinzi wao aitwaye Toua alikatwa panga mkononi, kichochoroni humo humo, akanyang'anywa redio yake ndogo. Mkataji alikuwa amejifunga shati usoni.

Dama hakungoja kuulizwa. Kwetu damu ikimwagika karibu na mlango wako, unapeleka kitu cha kupoza tumbo la aliyeumizwa, hasira ishuke, ndipo watu wakae na kutafuta nani amefanya. Tukambeba nguruwe amefungwa kwenye mti, na ndizi na miwa, mpaka kwa kina Toua. Baba yake akatushika mikono. Hata Toua alicheka, akasema, "Nguruwe mzuri. Ningejua ningekatwa mapema."

Msimamizi wa kampuni, Bwana Colin, alikuwa amesimama kando akipiga picha. Kesho yake akamwita Dama getini.

"Mzee, mmelipa. Anayelipa ni mwenye kosa."

"Hatujalipa. Tumepoza tumbo. Kosa linatafutwa baadaye."

"Sasa mtu gani anatoa nguruwe kwa kosa lisilo lake?"

"Mtu mwenye adabu," Dama alisema.

Colin alimwonyesha karatasi. Picha ya nguruwe wetu ilikuwa imebandikwa kama ushahidi. Machimbo yangebomolewa baada ya wiki mbili, kwa kuwa ni kijiji cha wahalifu waliokiri. "Niletee jina moja kwa maandishi, mzee, nitaenda nalo polisi na bomoabomoa itasimama. Vinginevyo jina ni lenu wote."

Dama alipanda mlima. Jina alikuwa nalo. Machimbo nzima ilikuwa nalo, na hilo ndilo lililomchefua: wanawake walioporwa walikuwa wanalijua, wazee wa kamati walikuwa wanalijua, na kila mmoja alikuwa anatazama miguu yake. Lilikuwa jina la Kaupa, mtoto wa dada yake, mwanamume wa miaka ishirini na saba.

Alimkuta amelala kwenye mkeka kwa mama yake, Wemin, redio ya mlinzi kifuani, anatafuna popoo na kutemea kwenye kopo la maziwa lililofurika.

"Anko, karibu. Kuna muziki."

"Umemkata mtu kwa ajili ya muziki?"

"Alinishika shati. Ningefanya nini, nimwimbie?"

"Watavunja nyumba themanini."

Kaupa alipangusa midomo kwa kiganja, akakipaka mkekani. "Nani alijenga kile kichochoro? Wao. Mimi nimekitumia tu. Waambie waweke taa."

Dama aliona kwamba nusu ya maneno yale ni kweli, na akachukia zaidi kwamba ukweli ulikuwa umetoka katika kinywa kile.

Wemin aliingia na sufuria ya viazi vitamu. Kaka yake alimwambia anachokwenda kuandika.

"Kaka, tumbo lililokuzaa ndilo lililonizaa mimi."

"Najua."

"Watampiga huko ndani mpaka asitambulike. Unajua pia?"

"Najua, Wemin. Na mama Gande alichaniwa sikio humo kichochoroni kwa ajili ya hereni ya bati. Ulimpelekea nini?"

Wemin alitua sufuria chini. Kaupa aliongeza sauti ya redio.

Dama aliandika nje, juu ya ubao, kwa mwandiko wake ulionyooka, na sisi tulisimama mbali tukijifanya tunachota maji. Alimtaja Kaupa na redio ilipo. Akaandika kwamba nguruwe hakuwa wa kukiri kosa. Akaandika kuwa njia ile ilikuwa salama mpaka walipoiondolea watu, na kwamba nepi zinaanguka kutoka upande wao. Alipomaliza alimsomea dada yake barua yote, bila kuruka mstari.

"Ukiipeleka, usije kula kwangu tena," Wemin alisema. "Hata nikifa, usije."

"Nimesikia."

Toua alikuwa amekuja kuchukua barua, mkono umefungwa kitambaa. Colin ndiye aliyemtuma, ila hakutaka kusogea karibu. Alisimama kwenye jua akimwangalia Wemin akilia, kisha akaangalia pembeni.

"Mzee, tungeweza kuongezea nguruwe wa pili, yakaisha," alisema polepole. "Mimi ningekubali."

"Wewe ungekubali. Yule wa getini angepiga picha nyingine."

Dama alikunja karatasi mara tatu, akaitia kwenye bahasha, akapaka punje za wali ukingoni na kubana kwa kidole gumba mpaka ikashika. Akampa Toua, naye akaitia ndani ya shati na kuanza kuteremka.