Mhakiki Aliyetaka Watu Waje

Mhakiki wa filamu wa gazeti moja la kila siku alikuwa na msimamo ambao hakuna aliyeweza kumtoa hapo: habari za tiketi hazimhusu. "Mimi kazi yangu ni kusema filamu ni nzuri au ni mbovu," alizoea kusema. "Nani kaingia na nani kabaki nyumbani, muulizeni dada."

Dada yake ndiye aliyekuwa meneja wa jumba la sinema lenye kumbi mbili, lililokuwa nyuma ya kituo cha mafuta. Walizaliwa tumbo moja, lakini hawakuwahi kupatana juu ya filamu hata moja. Wakati huo ukumbi mkubwa ulikuwa unaonyesha filamu ya kufukuzana kwa magari, ambayo kaka mtu aliiponda gazetini mpaka ikawa unga. Foleni yake ilifika kwenye pampu za mafuta. Ukumbi mdogo ulikuwa na filamu ya mgane, mzee aliyefiwa na mkewe, ambaye anajaribu kuuza kitanda chao kikubwa kwa sababu sasa kinamzidi. Hiyo mhakiki aliipa nyota tano, mara ya kwanza tangu aajiriwe. Aliiita "tafakuri nzito juu ya upweke na ukimya wa vitu." Hakuingia hata paka.

Jumatano dada alimpigia simu kazini.

"Kesho ndiyo mwisho. Ijumaa nakitoa."

"Unatoa nini?"

"Kitanda chako."

Mhakiki akasimama. "Dada, hiyo ndiyo filamu bora kuliko zote ulizoonyesha tangu upewe funguo za jumba hilo."

"Sikatai. Lakini jana walikuja wachumba wawili tu, na hao nadhani walifuata giza."

"Huwezi kuitoa."

"Mbona unalia? Si uliniambia tiketi hazikuhusu?"

Mhakiki akaketi tena. Alijua maneno ni yake mwenyewe, tena aliyasema mbele ya ukoo mzima, akiwa na paja la kuku mkononi. Dada akamhurumia kidogo. Akamwambia kwamba kesho jioni akipata nusu ya ukumbi, filamu itabaki wiki moja zaidi. "Na walipe mlangoni kama watu wengine," akaongeza. "Usiniletee wageni waalikwa."

Mtu aliyeishi kwa kujitenga na watazamaji akaanza kuwatafuta mmoja mmoja. Alianzia ofisini. Mhariri wa michezo alimsikiliza huku akitafuna kalamu. "Kwani siku hizi nawe unajaza viwanja?" akamuuliza, ila alikubali kuja na mkewe. Daktari wake wa meno alikubali pia, kwa sharti kwamba mhakiki atarudi kuzibwa lile jino analolikimbia. Kisha akaandika kwenye kundi la familia la simu, akaambatanisha uhakiki wake.

Wa kwanza kujibu alikuwa shangazi yao, mjane ambaye sauti yake hutangulia kufika kabla yake.

"Nimesoma, mwanangu. Kuna msiba humo?"

"Upo, shangazi, lakini ni msiba wa ndani zaidi."

"Misiba ninayo ya kutosha. Hakuna cha kuchekesha?"

"Hapana, shangazi. Siyo filamu ya aina hiyo."

Alipoona wengine nao wananyamaza, akabadilisha mbinu. Akaahidi kwamba atamfuata shangazi kwa gari mpaka mlangoni kwake. Shangazi akauliza gari linabeba watu wangapi, na kesho yake akatoka na wenzake wa mazoezi ya asubuhi, wamebanana kiti cha nyuma na viatu vyao vya kukimbilia. Waliokosa nafasi walikuja kwa miguu.

Nusu ya ukumbi ikapatikana, kwa kubahatisha. Mhakiki alikaa safu ya nyuma. Filamu hii alikuwa ameiona mara moja tu, asubuhi moja, kwenye onyesho la waandishi, na waandishi wenyewe siku hiyo alikuwa yeye peke yake.

Ikafika sehemu ambapo mnunuzi wa kwanza anakuja kukijaribu kitanda. Mnunuzi anajilaza. Mgane anamtazama kidogo, kisha, kwa mazoea tu, anamwekea mto, anamfunika shuka mpaka mabegani, na kuzima taa.

Shangazi akaangua kicheko.

Mhakiki alitaka kuinama mbele amnyamazishe, lakini mke wa mhariri wa michezo naye akaachia, halafu daktari wa meno, na mara ukumbi wote ukawa unatikisika. Kwenye skrini mnunuzi alikuwa ameshaanza kukoroma, na mgane kasimama gizani hajui amwamshe au aende akalale sebuleni. Mhakiki akajikuta anacheka mpaka miwani ikamdondoka. Dakika chache baadaye mgane akakaa ukingoni mwa kitanda, upande uliokuwa wa mkewe, na walewale waliokuwa wakicheka wakawa wanapenga makamasi.

Walipotoka alimkuta shangazi ukumbini mwa nje, anajipangusa macho kwa upindo wa kitenge.

"Shangazi, ulijuaje kwamba pale ni pa kucheka?"

"Sikujua, nilicheka tu. Mimi nilipofiwa, mwaka mzima nilipika chakula cha watu wawili. Nakaa, nakula chake na changu. Unadhani huu mwili niliupata wapi?" Kisha akamtazama kwa jicho la pembeni. "Wewe mbona uliandika kama unasoma wosia?"

Kesho yake aliandika uhakiki mpya. Mhariri mkuu alikataa kwanza, akisema gazeti haliandiki juu ya filamu moja mara mbili. "Ni filamu mbili," mhakiki alimjibu. "Ya kwanza niliiona peke yangu." Ukachapishwa. Safari hii aliwaambia watu kwamba wataumia mbavu, na kwamba wasiende bila mwenzao. Kitanda kikakaa wiki tatu kwenye ukumbi mdogo. Hakikuyafikia magari hata robo, ila dada aliacha kulalamika.

Jumamosi moja mhakiki alikwenda jumbani bila kuitwa, akapanga foleni kuanzia kwenye pampu, akaingia ukumbi mkubwa. Aliona ni haki kuyapa magari nafasi ileile. Alikaa katikati ya watu, wakashangilia, wakapiga makofi, bisi zikaruka. Dada alikuwa anamsubiri mlangoni.

"Enhe? Umeonaje?"

"Mbovu vilevile."

"Watu wamejaa mpaka kwenye ngazi."

"Nimewaona. Wamefurahi sana, na filamu ni mbovu. Yote mawili nitayaandika."

Dada akacheka, akamshika mkono. "Njoo ofisini. Kuna moja imeletwa leo, nataka uniambie kama niichukue. Na umpigie shangazi, mwambie aje na wenzake."