Gia Tatu za Kurudi Nyuma

Mwaka ule Harlan Teague alikuwa na haja moja tu: kuliendesha gari alilolijenga mwenyewe, kwenye ziwa kavu la jangwani walikoshindania mbio, kabla macho yake hayajazima. Mengine yote alishayakatia tamaa. Baba yake alipofuka katika umri kama huohuo, na sasa Harlan naye alikuwa akiiona dunia kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, nalo bomba likizidi kuwa jembamba. Daktari wa San Bernardino alimwambia asitegemee kuiona Krismasi kwa macho yake. Harlan akamwambia mkewe, Opal, kisha akamwapisha asimwambie mtu yeyote, hasa Lester, kaka yake Opal.

Lester alikuwa na roho nzuri na mdomo usiofungwa. Gari lake mwenyewe lilishakimbia ziwani, na hakuna aliyeruhusiwa kulisahau. Mtaa wao ulikuwa hivyo. Mwanamume aliyenunua gari la mbio tayari limeundwa hakuhesabiwa kitu. Uliokota Ford kuukuu ya mwaka 1932, ukaivua madigadi, ukakata paa na kulishusha, ukaitia injini kubwa ya silinda nane, na ukafanya yote hayo kwa mikono yako. Ukimwita mwenzako akusaidie, gari linakuwa nusu lake.

"Mwite Lester akufungie difu," Opal alimsihi. "Huoni vizuri humo gereji."

"Difu naijua kuliko ninavyoijua sura yangu."

"Kichwa ngumu wewe."

"Ulinikuta nacho."

Kuijua aliijua. Lakini krauni, lile gurudumu kubwa la meno ndani ya difu ya gari lile, sanduku linalozungusha magurudumu ya nyuma, huingia upande wa kulia na huingia upande wa kushoto, na kote inakaa sawasawa kama imezaliwa pale. Mwenye macho hutazama mara moja akamaliza. Harlan alipapasa, ikaingia, akakaza nati zote, akapangusa mikono. Siku hiyo alikula chakula chote alichopakuliwa, jambo ambalo Opal hakuwa ameliona tangu waende kwa daktari.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, walijaa uani. Harlan akawasha. Injini ikanguruma hadi vioo vya jirani vikatetemeka, na pale kwenye kiti Harlan alifurahi, furaha tupu isiyochanganyika na kitu. Kila kipande kilichokuwa kikiunguruma chini yake kilishapita mikononi mwake kikiwa baridi na kutu. Bado alikuwa akiiona barabara, kipande chake chembamba cha katikati, nacho kilimtosha. Akaweka gia ya kwanza, akaachia klachi.

Gari likarudi nyuma kwa kishindo, likaingia kwenye kamba za nguo, na shuka za Opal zikamfunika dereva.

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini.

"Shemeji!" Lester alipaza sauti. "Nyumbani ni kutamu kiasi hicho? Gari limekataa kutoka!"

"Nyamaza, Lester."

"Gia tatu za kurudi nyuma, moja ya kwenda mbele! Ziwani utawatolea watu matako tu!"

Hapo angezima injini, angecheka na wenzake, mambo yangekwisha. Lakini Harlan hakuwa na muda wa kuchekwa. Aliirarua shuka usoni, akalazimisha gia, akalazimisha tena, mpaka kitu kikalia ndani ya difu na gari likafa. Meno ya krauni yalikuwa yamekatika.

Lester alilala chini ya gari akifungua, bado anacheka. "Umeifunga upande usio wake, bwana, ndiyo maana magurudumu yanazunguka kinyume. Hata mtoto angeona."

"Sikuona," Harlan akasema.

"Utasemaje hukuona? Kitu kikubwa kama sinia!"

"Sikuona, Lester. Hata ukisimama mbele yangu siioni sura yako yote."

Lester alitoka chini ya gari taratibu. Akamtazama dada yake, na Opal akageuza uso. Hakuna aliyecheka tena siku ile.

Kuanzia hapo Lester alizunguka kila uwanja wa skrepa hadi Los Angeles akitafuta krauni ya kufaa. Zilizopatikana zilikuwa zimelika, na iliyofaa ilichelewa mno. Alipoikaza nati ya mwisho, upande wake halali, bomba la Harlan lilikuwa limeziba. Kilichobaki ni mwanga tu, na mwanga nao ulikuwa unafifia.

Lester alimpeleka ziwani hivyo hivyo. Alisimamisha gari katikati ya ule udongo mweupe, akashuka na kuzunguka upande wa abiria.

"Hamia kwenye usukani, shemeji."

"Usinifanyie mzaha."

"Hapa hakuna mti wala jiwe. Mimi nitakuambia kulia na kushoto. Twende."

Harlan akahamia. Gia ya kwanza, mbele. Ya pili, mbele. Ya tatu, upepo ukamjaa mdomoni, kiti kikamsukuma mgongoni, na injini ikaimba vile alivyokuwa akiisikia kichwani miaka yote ya kuijenga. Lilikimbia vizuri kuliko alivyoota. Lester alipiga kelele ya shangwe na kusahau kutaja kushoto wala kulia.

Harlan alifunga breki, akazima. Akashuka, akapapasa boneti iliyokuwa inachoma. Alikuwa ameliacha gari likiwa chuma kitupu. Sasa kiganja kiliteleza kwenye kitu laini.

"Mmelipaka rangi?"

"Opal alitaka iwe zawadi," Lester akasema. "Tulidhani utawahi kuiona. Ni jekundu."

"Jekundu lipi?"

Lester akafungua mdomo. Yeye aliyekuwa na neno kwa kila mtu alitazama gari, akatazama jangwa, asilipate.

"Jekundu tu, shemeji."

Harlan aliupitisha mkono wake pole pole kwenye bodi yote, mbele hadi nyuma, akalia bila kujificha. Kisha akautafuta mlango wa upande wa pili, upande wa abiria, akaingia, akakaa akimngoja Lester aendeshe.