Kilele cha Wimbi Pweke

Kosa lake nililiona mwaka wa pili, ukurasa wa arobaini na moja, nikanyamaza. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa tasnifu yake. Watu husema nina kinyongo, na hawanisingizii. Binti huyu, mwezi wake wa kwanza chuoni, alinyoosha mkono katikati ya somo langu akanisahihisha alama ya kutoa. Darasa zima likaangua kicheko. Mambo kama hayo mimi sisahau.

Utafiti wake ulihusu wimbi pweke, tuta moja la maji linalokwenda mfereji mzima peke yake bila kubadilika umbo. Alitaka kuthibitisha kwamba lile la kimo kirefu kuliko yote lina umbo moja tu. Miaka mitano alikesha na hilo. Akifaulu, kazi ya uhadhiri ilikuwa inamsubiri. Akishindwa, muda wake wa masomo umekwisha, na ndiyo basi tena.

Siku ya kutetea tasnifu, mama yake alikaa mstari wa mbele, mkoba mapajani, akitabasamu kila bintiye alipoandika ubaoni, ingawa hakuambulia kitu. Binti alitiririka mpaka nikamwonea wivu. Watahini wawili walikwisha kufunga kalamu zao nilipoomba swali moja.

"Ukienda sambamba na wimbi hilo, maji ya pale kileleni utayaona yana kasi gani?"

"Sifuri, Prof. Yamesimama. Ndiyo maana wimbi haliwezi kupanda juu zaidi."

"Na ukurasa wa arobaini na moja umegawanya kwa kitu gani?"

Akafunua. Nilimwona akiusoma mstari ule, akaurudia. Alikuwa amegawanya kwa kasi hiyohiyo. Kugawanya kwa sifuri hata mtoto wa shule anajua ni mwiko, na kurasa zote zilizofuata zilitegemea mstari huo.

"Lakini Prof, hapa ulipapitia wewe mwenyewe. Mara tatu."

"Kazi ni yako, mwanangu."

Watahini hawakuchukua hata dakika kumi kumfelisha. Nje ya chumba, mama alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Utuwie radhi, Profesa. Umehangaika naye miaka yote hii, leo anakuaibisha mbele ya wenzako." Akamgeukia bintiye. "Hebu mwombe mwalimu wako msamaha."

Binti akanikazia macho. Alijua. Nilingoja aseme.

"Nisamehe, Prof."

Nikamjibu kwamba nimemsamehe.