Mapipa Yasiyolala

Sisimizi hawakuja. Hilo ndilo aliloliona kwanza, Jumatatu asubuhi, kabla hata hajashika ufagio.

Kazi yake pale kiwandani ilikuwa kufungua mapipa ya gliserini, kuyaviringisha hadi kwenye mtambo wa kuchanganyia, kisha kupiga deki. Gliserini ndiyo iliyoipa dawa ya kikohozi ya watoto uzito na utamu wake, na pipa lilipofunguliwa hapakukosa matone mawili matatu kudondoka. Basi kabla hujapepesa macho, sisimizi walikuwa wameshatoka kwenye ufa wa ukuta, mstari mmoja, kama wameitiwa karamu. Miaka sita alikuwa akigombana nao. Siku hiyo tone lilikaa sakafuni peke yake, linang'aa. Sisimizi mmoja tu alilifikia, akaligusa, akageuza njia.

"Bubu, leo wageni wako wamegoma?" aliuliza Mama Lebo, mwanamke aliyebandika lebo kwenye chupa na ambaye hakuna kilichopita mbele yake bila kutiwa neno.

"Labda wamehama."

"Wamehama! Wenzao wanahamia kwenye sukari, wao wanaihama."

Walimwita Bubu kwa utani. Ulimi alikuwa nao, ila maneno yake yalitoka kwa kupimwa, kama dawa yenyewe. Aliacha shule darasa la nne, wakati karo ilipomtosha mtoto mmoja tu na mtoto huyo akawa kaka yake. Alisoma polepole, kwa kufuata kidole. Lakini macho hayahitaji cheti. Aliinama akaliona pipa vizuri: lebo mpya, nyeupe, na chini ya ukingo wake ncha ya lebo nyingine, iliyochanwa haraka. Akatazama la pili. La tatu. La nne. Yote vilevile.

Zamani asingepata hofu. Zamani kila pipa lililoshuka kwenye lori lililala siku saba ndani ya kizimba cha waya, mpaka mkemia achote kidogo, apime, abandike karatasi ya kijani. Ndipo linaingia kwenye daftari na kuruhusiwa kutoka. Kizimba hicho kilivunjwa miezi miwili iliyopita, na aliyekivunja ni kaka yake.

Kaka alikuwa msimamizi wa ugavi, na jioni alisoma chuoni usimamizi wa mnyororo wa ugavi wa kimataifa. Wafanyakazi walimwita Profesa. Nyumbani Bubu, dada yake, ndiye aliyemshikia madaftari alipokariri. Kaka alidhani anashika karatasi tu. Kumbe maneno yalikuwa yamemwingia kama wimbo: mali inayolala ni mali inayokufa, mkakati wa biashara hauketi ofisini, unasafiri pamoja na mzigo, anayefika dukani kwanza ndiye anayeuza. Andiko la kaka la kumalizia masomo lilihusu kiwanda chenyewe. Pipa linapita mikono saba, kutoka mtambo wa ng'ambo hadi ghalani, aliandika, na linakuja na cheti cha ubora. Ya nini tena kulilaza siku saba? Kila siku linapolala, mshindani yuko macho. Mkurugenzi alisoma, akapenda, akaamuru. Pia akatafutwa wakala mpya, mwenye mizigo ya haraka kuliko yule wa zamani.

Mchana huo Bubu alipiga moyo konde akapanda ofisini.

"Kaka."

"Sema, mdogo wangu. Nina dakika mbili."

"Yale mapipa mapya. Lebo zimebandikwa juu ya lebo."

Kaka alicheka, si kwa ubaya. "Mzigo ukibadili wakala unabadili lebo. Ni kama mtu kubadili shati. Cheti kipo, kina mhuri. Umekisoma?"

Makarani wawili waliokuwa mezani pembeni wakacheka pia. Neno la sisimizi lilikuwa limeshamfika kooni, akalimeza. Utamwambiaje mtu mwenye vyeti habari za wadudu? Tena Alhamisi ndiyo siku ambayo kaka alikuwa akiingojea: mhadhiri wake angekuja kiwandani kusikiliza andiko lake mbele ya mkurugenzi. Neno moja la ovyo, na dada mtu angekuwa amemmwagia unga. Alishuka, akafungua mapipa yaliyobaki. Kwa mazoea ya siku za kizimba, aliandika namba ya kila pipa kwa chaki nyuma ya mlango, na mbele yake namba ya mchanganyiko lilimoingia. Hakuna aliyemtuma.

Jumanne fundi wa mtambo alisimama muda mrefu akitazama dawa ikizunguka.

"Imekubali upesi mno," alisema. "Gliserini huwa na ubishi. Hii imelainika kama mkwe mpya."

"Mwambie Profesa," alisema Bubu.

"Nimwambie nini? Mimi nimeletewa, nachanganya."

"Na mimi nimeletewa, nabandika," alidakia Mama Lebo. "Tukianza kuulizana, chupa zitatoka lini?"

Chupa zilitoka Jumatano asubuhi, malori mawili. Bubu alisimama mlangoni na ndoo yake mpaka yalipokata kona.

Alhamisi aliwahi kazini kabla ya wote. Kulikuwa na pipa la zamani lililobakiza masalio. Alichota humo tone moja akalidondosha karibu na ufa, na hatua moja pembeni akadondosha tone la pipa jipya. Akachuchumaa. Haikupita robo saa, tone la kwanza lilikuwa jeusi kwa sisimizi, halionekani. Waliokosa nafasi walizunguka huku na huku wakitafuta pa kupenya. Tone la pili waliliacha. Walipita mbali nalo, wakipinda, kama watu wanaopita mbele ya nyumba yenye mbwa.

Kisha akapiga deki yote mawili, kwa sababu kengele ya kazi ililia, na kwa sababu alizoea.

Saa nne aliagizwa kupeleka maji kwenye chumba cha mkutano. Kaka alikuwa mbele, shati limenyooka, amechora mnyororo ubaoni: pete saba, na ndani ya ile ya mwisho amechora mtoto anayetabasamu.

"Mzigo ulishuka Jumatatu," alikuwa akisema. "Leo ni Alhamisi, na chupa elfu nne ziko madukani. Kwa utaratibu wa zamani, mapipa hayo yangekuwa bado yamelala."

Mkurugenzi alipiga makofi. Mhadhiri, mama mnene mwenye miwani, hakupiga.

"Vizuri," alisema. "Sasa pete moja ikiwa mbovu, utajuaje?"

"Kuna cheti, mwalimu."

"Cheti kimeandikwa na pete hiyohiyo. Nakuuliza tena. Ukitaka kurudisha mzigo, pipa lipi limeingia chupa zipi?"

Kaka alifungua jalada lake. Akafunua ukurasa, akafunua mwingine. Daftari lilikuwa la kizimba, na lilikufa pamoja na kizimba. Bubu, sinia la maji mikononi, aliona shingo ya kaka yake ikilowa jasho.

"Manne," alisema.

Wote waligeuka. Hata yeye nusura ageuke kumtafuta aliyesema.

"Mapipa ni manne. Yameingia mchanganyiko wa kumi na mbili na wa kumi na tatu. Nimeandika nyuma ya mlango." Alivuta pumzi. "Na kilichomo si gliserini."

"Mdogo wangu, toka nje," alisema kaka kwa sauti ya chini.

"Mwache," alisema mhadhiri. "Endelea, binti."

Aliendelea. Alisema lebo, alisema fundi, alisema sisimizi, na hakuna aliyecheka. Mkemia aliitwa. Alishuka ghalani akachota masalio kwenye pipa jipya, akaingia maabara akafunga mlango. Waliobaki walikaa na yale maji, hakuna aliyeyagusa.

Mkemia aliporudi, glavu zilikuwa bado mikononi.

"Sijui ni kitu gani bado," alisema. "Ninachojua, hakiingii tumboni mwa mtoto. Zuieni malori."

"Malori yalitoka jana," alijibu mkurugenzi, na tayari alikuwa anatafuta simu.

Mhadhiri alikwenda na mkemia kunakili namba za mlangoni. Chumba kikabaki na ndugu wawili na mnyororo ubaoni. Kaka alikuwa ameketi, kama amepungua ndani ya shati lake.

"Tangu Jumatatu," alisema. "Siku nne, nyumba moja, meza moja tunakula. Kwa nini hukunishika shati ukaniambia?"

Angeweza kumkumbusha zile dakika mbili, na kile kicheko. Ungekuwa ukweli, lakini ukweli nusu. Aliweka sinia chini.

"Nilikuogopa wewe, kaka," alisema, "kuliko nilivyowaogopea watoto."